Fundi Sikio na Hataza ya Tatu

Tarehe thelathini mwezi wa sita, Fundi Sikio anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya chini ya ngazi. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila halijawahi kupata kazi. Siku hiyo atarudisha funguo, na chumba chake kitakuwa stoo ya viti. Mrithi hakutafutwa.

Aliajiriwa kufuta vumbi kwenye mitambo, akaishia kuirekebisha. Wakati huo wataalamu walikuwa wakihangaika na mwale wa ioni, yaani chembe zenye umeme zinazorushwa kwa mstari mwembamba kama uzi ndani ya bomba lililonyonywa hewa. Ukipinda kidogo, kazi ya wiki nzima imeharibika. Fundi akauzungushia pete ya sumaku aliyoiunda mwenyewe, ukanyooka. Hiyo ikawa hataza yake ya kwanza, ile hati inayomlinda mvumbuzi asiigwe. Mgeni mmoja mkubwa alipouliza mbona haoni kitu, Fundi alimweleza kwamba mwale ule ni kama adabu: haionekani, ila ikikosekana kila mtu anajua.

Hataza ya pili ni ya kamera yenye macho mawili, inayotoa picha yenye kina. Ili apate umbali sahihi kati ya lenzi, alizunguka ofisi zote na rula akipima nafasi kati ya macho yetu. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ulikuwa uchunguzi wa tabia. Picha ya kwanza ilikuwa ya kikombe cha chai. Mhasibu alinyoosha mkono akipokee.

Pampu za kunyonya hewa zilikuwa na kelele zisizo na huruma. Kwa miaka kumi na tisa aliziinamia, sikio la kushoto likiwa karibu, akitambua kwa mlio tu ni wapi hewa inapenya. Ndipo tukampa jina. Kisha sikio lile likafa. Tulipotaka kumbadilishia jina alikataa, akasema kwani nani alimwita Masikio?

Mwenye sikio moja husikia. Asichojua ni sauti imetoka wapi. Mkewe, shemeji yetu, akimwita kutoka barazani, yeye huenda jikoni. Gari likipiga honi, yeye hugeukia ukutani. Mara mbili amekoswakoswa.

Kwa miaka tisa, katika muda wake wa mapumziko, akaunda kofia yenye maikrofoni nne na taa ndogo kwenye ukingo: sauti ikitoka kushoto, taa ya kushoto huwaka. Tulimjaribu tukijificha nyuma ya makabati na kupiga makofi. Alitunyooshea kidole mmoja mmoja. Kiwanda cha vifaa vya usikivu kikakubali kuzitengeneza kwa ajili ya wote wenye tatizo lake, kwa sharti moja: iwepo hataza.

Hapo jarida hili la kazini kwetu likampongeza. Ukurasa mzima, mchoro na mpangilio wa nyaya, wiki mbili na nusu kabla ombi lake halijapelekwa. Sheria iko wazi: kilichokwisha kutangazwa si kipya tena. Ofisi ya hataza ilikataa ombi na kuambatanisha nakala ya ukurasa wetu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa, na maji tukayatia sisi. Aliyeandika ukurasa ule ndiye anayeandika huu.

Hiyo ni miaka minne sasa. Rufaa ya mwisho ilikataliwa mwezi uliopita, na kiwanda kimejitoa. Kofia imebaki moja, maikrofoni zake mbili zimekufa, na za aina ile haziundwi tena. Fundi hakugomba. Aliukata ukurasa, akautundika ukutani kando ya hataza mbili, akasema tu kwamba mchoro nimeutoa vizuri. Afadhali angenitukana.

Tunakushukuru, Fundi, kwa mwale ulionyooka, kwa kikombe kisichoshikika, na kwa subira tusiyoistahili. Kapumzike salama na shemeji, na Mungu akulindie barabara. Kwa miaka minne tumekuomba radhi kama watu waliosimama upande wako wa kushoto. Siku ya kuagana tutajipanga wote kulia. Haitasaidia kitu, lakini angalau utajua tuliko.