Mapacha Wasirudishwe: Risala ya Askari wa Doria Kuhusu Bunduki Mbili Fupi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Mkuu wa Kituo. Wakulima majirani zetu mlioacha majembe kwa saa moja. Wake, waume na watoto wa askari, ambao kama kawaida mmefika kabla ya wenye shughuli:

MAKARIBISHO

Sisi askari wa doria wa kituo hiki, kumi na wanne kwa hesabu, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu minne iliyo sawa. Tulivijaribu vyote jana, na mpishi wetu alianguka mara mbili kwa ajili yako.

Tunajua kwamba umekuja na faili, na ndani ya faili kuna barua inayosubiri sahihi yako. Barua hiyo inasema zile bunduki mbili nyepesi tulizopewa kwa majaribio zirudishwe makao makuu kwa sababu hazilengi. Hatutajifanya hatujui. Kituo ni kidogo na dereva wako anapenda mazungumzo. Tunakuomba jambo moja tu kabla ya mengine: usiisaini mpaka tumalize kusema.

TULIKOTOKA

Kituo hiki kilianza na bunduki sita za zamani, ndefu, zenye vitako vya mti mzito. Sisi tunaziita Nguzo. Kila moja ina kilo tano na ushee, na hatukuja hapa kuzisema vibaya, maana zimetulea. Mtutu wa Nguzo ni mnene kama mchi. Ukipiga risasi kumi mfululizo, ya kumi inaingia jirani na ya kwanza kana kwamba hakuna kilichotokea katikati.

Ndiyo maana kituo hiki kina mtihani wake, unaoitwa "kumi bila kupumua". Askari anapanga risasi kumi kwenye mkeka, analala kifudifudi, anaegemeza mtutu juu ya gunia la mchanga na kuzipiga zote bila kusimama. Hakuna ruhusa ya kwenda kuangalia shabaha mpaka ya kumi itoke. Karibu wote tulioko hapa tumepita humo, na tukizeeka tutawasimulia wajukuu.

Lakini Nguzo ni bunduki ya kulala nayo chini, si ya kutembea nayo. Doria yetu ni kilomita ishirini kwa siku. Ukiibeba mpaka mchana, bega linakuwa si lako. Ukiingia kichakani, mtutu unanasa kwenye kila tawi, na nguruwe pori akitokea ubavuni, wewe unageuka leo, Nguzo inageuka kesho.

Yuko dada yetu mmoja tunayemwita Sisimizi, kwa umbo lake dogo na kwa tabia yake ya kubeba mizigo inayomzidi. Kitako cha Nguzo kilikuwa kirefu mno kwake. Akikiweka begani, jicho halifiki kwenye darubini. Akisogeza jicho, kitako kinatoka begani. Mwaka hadi mwaka alianguka mtihani, na anayeanguka haendi doria, hivyo kwa miaka minne alikaa getini akiandika namba za magari. Mama yake akipiga simu alikuwa akimuuliza, "Mwanangu, bado uko mlangoni?" Naye alikuwa akijibu, "Niko mlangoni, mama, lakini ndani wananiona."

MAPACHA WALIPOKUJA

Mwaka jana zikaletwa bunduki mbili za komeo, zile unazofungua na kufunga kwa mkono kila baada ya risasi, kama komeo la mlango. Ni fupi kuliko Nguzo kwa shibiri nzima, na moja haifiki kilo tatu pamoja na darubini yake. Tukaziita Mapacha. Kusema kweli, siku ya kwanza tulizicheka. Mwenzetu wa stoo ya vyakula alisema bunduki zenyewe zimebaki kiwandani, hizi ni vipande vilivyobaki mfukoni mwa mtengenezaji.

Zikatufundisha adabu. Bunduki nyepesi inapiga teke. Mwenzetu huyohuyo wa stoo aliikumbatia kizembe, jicho limegusa kioo, na darubini ikampa busu juu ya nyusi. Alama iko hapo mpaka leo, mgeni rasmi; mwenyewe ameketi safu ya pili na ameinamisha kofia. Tena ukiwa unatweta baada ya kupanda kilima, inatetemeka na moyo wako. Nguzo inatulia kwa uzito wake yenyewe, lakini Pacha anataka wewe ndiye utulie. Tulijifunza kuikaza begani, kuacha nafasi kati ya jicho na kioo, kutoa pumzi nusu, na kufinya kifyatulio taratibu badala ya kukivuta.

Kitako chake kina vipande vya kupunguza. Tulimtolea Sisimizi viwili. Aliiweka begani, jicho likafika kwenye darubini, akasema, "Kumbe hivi ndivyo nyinyi huwa mnaona." Hakuna aliyecheka siku hiyo.

TULICHOFANIKIWA

Tangu Sisimizi atoke getini, tumemaliza msimu mmoja wa mahindi. Misimu ya nyuma nguruwe pori mmoja alitugharimu risasi tatu au nne, na mara nyingine alikimbilia kichakani akiwa na jeraha, nasi tukamfuata kwa mikono na magoti tukimwomba Mungu. Mnyama aliyejeruhiwa hana jirani. Msimu huu, wanyama kumi na saba waliovamia mashamba walipigwa kwa Mapacha, kumi na watano kwa risasi moja moja. Hakuna hata mmoja aliyepotea na maumivu yake. Kumi na mmoja kati yao ni kazi ya Sisimizi.

Mama mkulima wa shamba la ukingoni yupo hapa, na alituomba tuyaweke maneno yake kama alivyoyasema: "Zamani nikisikia mlio wa kwanza naita watoto ndani, maana sijui wa pili unakuja na nani. Siku hizi nasikia mmoja tu, naendelea kupalilia."

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba uvumilivu, kwa sababu changamoto kubwa tumeitengeneza wenyewe.

Makao makuu waliandika wakitaka ripoti ya shabaha ya Mapacha. Sisi tukafanya tunachokijua. Tukatandika mkeka saa saba mchana, jua la utosi, tukaegemeza mtutu juu ya gunia, tukapiga kumi bila kupumua. Tulipokwenda kuangalia karatasi tulikuta matundu yametapakaa, mengine yamepanda juu kulia kama ngazi. Tukaandika: "Hazilengi. Hazifai kwa kazi." Tukagonga muhuri.

Tulikosea. Mtutu wa Pacha ni mwembamba, ndiyo siri ya wepesi wake. Ukipiga risasi nne tano mfululizo unapata moto, na ukipata moto unahama. Na kuuegemeza mtutu wenyewe juu ya gunia kunausukuma. Inatakiwa gunia likae chini ya mkono, au chini ya mti wa kitako. Kwa kuwa hatukuruhusu mtu kwenda kwenye shabaha kabla ya kumi kuisha, hatukujua tundu lipi lilitangulia. Tuliipima bunduki ya kutembea kwa kipimo cha bunduki ya kulala.

Nani anapiga nguruwe risasi kumi? Porini risasi ni moja, na inatoka kwenye mtutu uliopoa. Kosa letu tulioneshwa na Sisimizi. Aliomba risasi moja kila asubuhi kabla ya doria, hatua mia moja, karatasi ileile bila kubadilishwa. Asubuhi ishirini, risasi ishirini. Ukiweka kikombe cha chai kifudifudi juu ya karatasi hiyo, kinayafunika matundu yote. Mkuu wa Kituo alikileta kikombe chake mwenyewe, akakiweka, akakiondoa, akakiweka tena.

Lakini ripoti ilikuwa imeshakwenda, na muhuri hauna miguu ya kurudi. Sasa barua iko mbele yako. Mapacha wakiondoka, zinabaki Nguzo, na Sisimizi anarudi kwenye daftari la magari. Hajalalamika. Juzi tulimkuta getini anachonga penseli, tukamuuliza anafanya nini huko, akasema anajizoesha. Ilituuma sana.

MAOMBI

Tunaomba Mapacha wabaki. Tunaomba pia fomu ya shabaha ibadilishwe, ili bunduki nyepesi ipimwe kwa risasi tatu, ipumzike mpaka mkono uweze kuushika mtutu bila kuungua, kisha tatu nyingine. Ikiwezekana tupewe pedi za mpira za vitako, kwa ajili ya mabega yetu na nyusi za mwenzetu wa stoo. Na kama kuna bahati, pacha wa tatu hatutamfukuza.

Mheshimiwa, karatasi waliyonipa wenzangu nisome inaishia hapo, imebaki dua ya kufunga tu. Haya yanayofuata sikuwaonyesha.

Tangu mwanzo nimesoma "tulikosea", kwa sababu wenzangu walikataa iandikwe vingine. Hatukukosea sote kumi na wanne. Mimi ndiye mtunza ghala la silaha, ndiye niliyesimamia mkeka siku ile, na mwandiko wa ripoti ni wangu. Baada ya risasi ya nne Sisimizi aliniambia, "Mkubwa, imeshika moto, iache ipoe." Nilimjibu kwamba hii ni bunduki, si chai ya kupulizwa. Watu walicheka, nami nilifurahi walivyocheka. Nina miaka kumi na tisa ghalani. Sikutaka kusomeshwa na mtu aliyetoka getini.

Naona aibu, na nimeona bora niione mbele yako kuliko kuiona kila asubuhi nikipita getini. Kama lazima kitu kirudishwe makao makuu, nirudishe mimi. Funguo za ghala hizi hapa, naziweka juu ya faili lako. Kuna mtu hapa kituoni ambaye anajua bunduki inataka nini, na hatalisahau ghala hata akitoka doria. Nimemfundisha kidogo wiki hii bila kumwambia ni kwa ajili gani. Anadhani namsaidia kupoteza muda.

Sasa naomba nirudi kwa wenzangu, nifunge kwa sauti yetu sote.

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya, aipe kalamu yako subira, akurudishe kwa watu wako salama. Ayalinde na mashamba yanayotuzunguka, na azidi kutupa moyo wa kusikilizana kabla ya kugonga mihuri.

Ni sisi watumishi wako,
Askari wa Doria, Kituo cha Ukingo wa Mashamba,
kumi na wanne, na tunaomba tubaki kumi na wanne.