Mama Daftari, Aliyerudi Kuwasomea Watu Maneno Yao

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Daftari, alizaliwa tarehe 9 Juni 1969, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Bibi, mama yake mzazi, husema alichelewa kuongea mpaka wakadhani ni bubu, kumbe alikuwa anasikiliza.

Alimaliza sekondari mwaka 1987, kisha akasoma chuo cha ustawi wa jamii.

Tarehe 4 Februari 1992 aliajiriwa na ofisi ya utafiti, kazi yake kwenda majumbani kuwahoji watu na kuandika wanayosema. Mwaka wa kwanza alikosea. Mzee mmoja aliyefiwa na mke alimweleza anavyojipikia, naye akaandika kwamba mzee ameukubali msiba. Ripoti ikachapishwa. Mzee alipoiona akamwambia taratibu, "Mwanangu, mimi nilikwambia napika. Kukubali sijakwambia." Siku hiyo marehemu hakula. Tangu hapo hakupeleka daftari ofisini kabla ya kurudi kwa mwenyewe, kumsomea, na kumwachia kalamu akate anachotaka. Wakubwa walinung'unika kwamba anachelewesha kazi. Aliichelewesha hivyo hivyo miaka thelathini na mbili.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na dereva wa ofisi. Dereva huyo, baba yetu mdogo, hukana kwamba alichumbia: "Aliniuliza habari za nyumbani, akanyamaza. Nikaongea weee, nikajikuta nimeshaomba mke."

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na kufikia Januari sauti ilikwisha. Kilichomnyima raha si maumivu. Alikuwa amewahoji akina mama ishirini waliofiwa na watoto, akawasomea kumi na tisa. Ofisi ilidai madaftari yote. La ishirini alilificha chini ya mto, hakulitoa.

Jumanne, tarehe 11 Machi, baba mdogo alimleta mama wa daftari hilo, fundi cherehani, nyuzi bado zimeng'ang'ania sketi yake. Marehemu akampa daftari, naye akajisomea kwa sauti pale kitandani. Alipofika palipoandikwa kwamba alilia siku tatu, akasita. Marehemu alimtazama tu.

"Siku tatu ni za mbele za watu, dada," akasema. "Zilizobaki nalilia kwenye cherehani. Mashine inanifunika."

Marehemu akaomba kalamu kwa ishara. Akakata, akaandika upya, akamrudishia. Fundi akasoma, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake daftari likaenda ofisini.

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na ndugu wanne.

Maneno haya yalisomwa kwanza mbele ya mama yake na mume wake, kalamu ikiwa mezani. Bibi alikata mstari mmoja tu, uliosema kwamba tumekubali.

Mungu amsikilize kama alivyotusikiliza, na kwa amani apumzike.