Wafiwa, Mna Neno?

Sikilizeni wanangu, na wewe shemeji Malale usisimame mlangoni kama mgeni, ingia ukae, maana nitakayosema yanakuhusu na sitaki uyapate kwa kuletewa. Agape, niinue kidogo. Hapo.

Ugonjwa huu mnaona umenikalia kooni, lakini hamjui ulivyopata nafasi ya kukaa. Nilipokwenda zahanati mara ya kwanza, daktari kijana aliniuliza kwa adabu, "Mama, habari za afya?" nami nikajibu, "Nzuri tu, mwanangu, kikohozi kidogo." Kidogo! Nilikuwa natema damu, nikaificha kwenye kitenge. Akanipa dawa ya kikohozi, nikashukuru, nikaendelea kushukuru hivyo hivyo mpaka chakula kikakataa kushuka. Simlaumu yule kijana, alitibu alichoambiwa. Kwetu Usukumani, kabla hatujaswaga ng'ombe kuja huku Katavi, msichana aliyesema "naumwa" mbele ya wageni aliambiwa ana kinywa kikubwa. Adabu hiyo ndiyo inanizika, na sitaki iwazike na nyie.

Sasa mali. Ng'ombe ni wa mwanangu Sylvanus, ndiye aliyelala nao porini. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika achinjwe kwenye matanga yangu. Ni mzee kama mimi, nyama yake itawapa watu kazi ya kutafuna badala ya kusengenya. Nyumba hii ya hapa Shanwe, pamoja na chumba cha mbele anachoshonea, ni ya Agape na wanawe. Kiwanja alikipata marehemu baba yenu kikiwa kichaka, lakini matofali tulifyatua na kuchoma mimi na Agape, na bati zimetoka kwenye dagaa tuliowafuata ziwani Karema tukawauza. Sufuria ya jirani yetu Zubeda irudishwe, na isirudi tupu.

Malale, najua unasema kiwanja cha kaka yako ni cha ukoo. Ulisema hivyo siku tulipomzika, na siku hiyo hiyo ni wewe uliyeshuka kaburini kumpokea. Yote mawili nayakumbuka. Sikuoni kuwa adui. Umefundishwa hivyo, kama mimi nilivyofundishwa kusema nzuri.

Unasema nipumzike, hayo yataongelewa? Nikipumzika, shemeji, mtayaongea bila mimi. Haya, cheka, lakini kaa.

Agape, tangu ukiwa mdogo nimekusemea mimi, kwa mwalimu, kwa mafundi, kwa mume wako alipokurudisha. Mtu akikuuliza jina, ulikuwa unaniangalia mimi. Na unajua matanga yetu yanavyomalizwa: watu wamenyolewa, wamekula, mzee wa ukoo anasimama na kuuliza, "Wafiwa, mna neno?" nao wafiwa wanainamisha vichwa na kujibu, "Hatuna neno," kwa sababu kujibu vingine siku hiyo ni kama kumtukana marehemu. Hapo kila kitu kimefungwa. Yule mjane Verdiana wa Mishamo alijibu hivyo huku analia, na kabla mahindi hayajakauka alikuwa anatafuta chumba cha kupanga. Hakuna aliyemdanganya. Aliulizwa, akajibu.

Marehemu ni mimi, na mimi nasema hamtanitukana. Ukiulizwa, simama. Usimtazame Sylvanus. Mikono iweke nyuma. Sema jina lako, sema una neno, sema nyumba ni yako na kwa nini, kisha nyamaza. Wataguna, shangazi zako watasema umekosa malezi, waache waseme. Sauti ikikatika, meza mate uanze upya. Wewe uligeuza dume la ng'ombe kwenye mahindi ya watu kwa kelele moja tu, sauti unayo. Na wewe Sylvanus, usimsemee. Kaa karibu naye, basi.

Maji... midomo tu. Inatosha.

Tufanye hapa hapa, Malale akisikia. Mimi ndiye mzee wa ukoo. Wafiwa, mna neno?

Hapana. Hayo umeiambia kanga yako. Itoe mdomoni. Wafiwa, mna neno?

Umesimama, vizuri. Lakini umeanza na samahani. Unamwomba nani samahani, mwanangu? Tena.

Ndiyo... Ndiyo. Nimesikia. Malale, na wewe umesikia. Usinijibu leo, nenda ukalale nalo.

Mnizike ubavuni kwa baba yenu. Mungu awape mvua, awape ng'ombe wenye maziwa, awape watoto wa kuwachosha kwa maswali, na mkiumwa awape ujasiri wa kusema mnaumwa. Nimewabariki wote. Na wewe, Malale.

Sauti inaniishia... Agape, nipe mkono. Nitauliza kwa kidole. Nikikubana, ni swali, nawe ujibu, kwa nguvu, mpaka nje wasikie.

Na kidole kikilegea... jibu tu.