Jeconia Mabonga: Miaka Thelathini na Miwili ya Chumvi na Kivuli

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Jeconia Mabonga anavua aproni baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Alifika katika karakana yetu hapa Kimumu kama mfagiaji. Leo hakuna ngozi inayotoka hapa kwenda kuwa mnyama aliyejazwa wa kuonyeshwa shuleni au kwenye makumbusho bila kupita mikononi mwake.

Kwa wageni wetu: mnyama akishachunwa, ngozi hukwanguliwa nyama na mafuta, kisha husuguliwa chumvi laini kila mahali, mpaka ndani ya masikio. Hukunjwa, hulala siku nzima, chumvi iliyolowa hukung'utwa, nyingine hutiwa, halafu huanikwa kivulini. Ukisahau sikio moja, manyoya hunyonyoka. Mzee amewahi kuturudisha kutoka getini saa ya kwenda nyumbani kwa sababu ya sikio la mbuzi. Marehemu mume wangu Cyril, aliyekuwa mkwanguaji, alimwita Daktari wa Masikio. Mzee alimjibu kwa kumkagua masikio yake mbele ya wafanyakazi wote.

Msimu wa mvua alikuwa akigombana na mawingu kwa Kibukusu. Sisi tulifunga madirisha tukamwachia.

Aprili mwaka jana, Mama Chepkorir wa Kapseret alikuja na ndama aliyekufa ndani ya gunia. Ng'ombe wake alikuwa amekataa kushusha maziwa tangu ndama afe, na mchinjaji alishaulizia bei. Wazee wake walikuwa wakijaza ngozi ya ndama nyasi ili mama ailambe na kukubali kukamuliwa. Aliitaka siku hiyo hiyo.

"Mama, chumvi haipandi bodaboda," Mzee alimwambia. "Nipe siku nne."

Siku ya nne tulienda na Mzee hadi Kapseret kumpeleka ndama. Mimi nilikuwa nimerudi kazini wiki hiyo, baada ya kumzika Cyril. Mzee alikuwa amefanya kazi ya kujivunia: ndama amesimama, manyoya yamechanwa, chumvi yote imepigwa brashi ikatoka, na macho ya kioo yanang'aa. Ng'ombe alimtazama mara moja, akapiga teke ndoo na kukimbilia kwenye mahindi.

"Mzee, huyu si ndama," alisema Mama Chepkorir. "Huyu ni mgeni wa serikali."

Tulicheka mpaka tukashika ua wa boma tusianguke. Mzee hakucheka, alikuwa akimwangalia ng'ombe. Kisha akapiga magoti, akang'oa yale macho, akamlaza ndama kwenye nyasi na kuomba chumvi ya jikoni. Kwa mara ya kwanza maishani alirudisha kwenye ngozi chumvi aliyokwisha kuitoa. Akanipa ndoo, akisema mkamuaji anahitaji mtu wa kumshikia. Mama Chepkorir hakuhitaji mtu. Nilishika.

Ng'ombe alirudi polepole. Akanusa. Akalamba shingo, akalamba mgongo, akaendelea muda mrefu, na maziwa yakaanza kugonga ndoo. Mzee alisimama karibu nami hadi ndoo ikawa nzito, ndipo akaipokea.

Mchinjaji aliambiwa asirudi. Mwezi wa Juni mwaka huu ng'ombe yule alizaa tena, ndama jike, na huyu anaishi.

Mzee, tunakushukuru kwa ngozi zote na kwa kila sikio. Wewe na mkeo, Mama Mildred, muwe na afya, mvua za kutosha shambani, na usingizi usiokatizwa na mawingu. Mama Chepkorir ametuma ujumbe: yule ndama jike ni wako, ataletwa nyumbani kwako Jumamosi. Katika miaka thelathini na miwili huyu ndiye mnyama wa kwanza kukufikia akiwa hai. Tafadhali, Mzee, mwache hivyo hivyo.

Christabel, kwa niaba ya wafanyakazi wote