Nilivyofundishwa Kushuka na Maziwa

Bwana asifiwe, wapendwa. Mmeitikia vizuri, basi naanza na ujinga wangu kabla hamjapoa. Mimi ndiye niliyefungua breki ya mbele ya baiskeli yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaitia mfukoni, kwa sababu kijana mmoja wa darasa letu aliniambia breki ya mbele inapindua watu. Kisha nikafunga madumu mawili ya maziwa kwenye keria, nikashuka mlima.

Mnacheka. Subirini, bado sijaanguka.

Baiskeli yenyewe ni ya gia, ilikuja na mitumba, na kaka yangu anayebeba mizigo ya watalii aliinunua ili nisaidie nyumbani. Kazi ilikuwa moja: kila asubuhi kufikisha maziwa ya mama barabarani kabla gari la maziwa halijapita, ndipo niende shule. Mimi nikaifanya kazi ya bishoo. Siku hiyo kulikuwa na wasichana wa sekondari wanapandisha, nami nikaona heri waone jinsi mtu anavyoshuka akiwa ameachia usukani.

Kufika kona ya mfereji, mbele yangu bibi mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Jina lake silitaji, na wewe uliyegeuka kutazama benchi la nyuma, hilo ni lako. Nikaushika usukani, nikamkodolea macho bibi ili nisimgonge. Ndugu zangu, nawaambia, kadiri nilivyomtazama ndivyo baiskeli ilivyomfuata, kama ndama aliyeona magadi. Breki ya nyuma ikalia tu, gurudumu likateleza. Bibi akaruka. Hadi leo sijui kama aliruka na mzigo au mzigo uliruka naye. Mimi nikaingia kwa kichwa kwenye uzio wake wa masale, vifuniko vya madumu vikafunguka, maziwa yote mferejini. Huko chini kulikuwa na mama mmoja anachota maji. Alipoona yanamjia meupe, akaanza kusali.

Kwetu hapa kila mtu anajua kazi ya isale, mmea ule wa uzio: ukimkosea mtu unampelekea jani lake, naye hana budi kukusamehe. Bibi akanitazama, miguu yangu tu ndiyo iko nje, akasema, "Wengine huleta jani moja, mjukuu wangu. Wewe umekuja na uzio mzima."

Akanisamehe palepale. Mama je? Aliifunga baiskeli kwenye nguzo ya banda la ng'ombe, na kesho yake akamwamsha mdogo wangu wa kike, wa darasa la tano, giza bado liko. Akamtwisha dumu, mtoto akashuka kwa miguu.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mtoto anafika shule amechelewa, na mwalimu wa zamu hasikilizi habari za maziwa. Asubuhi moja napita kwenda sekondari, namkuta amepigishwa magoti nje ya darasa, soksi zimeloa umande. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama nina kiazi. Mnanijua, utani wangu hauishi. Siku ile uliisha.

Nikamwomba mama anifungulie baiskeli Jumamosi tu, bila maziwa, nikaenda nayo Njoro kwa fundi mmoja ambaye huwa anazungusha watalii kwa baiskeli huku milimani. Nikamweleza yote, nikamtolea breki mfukoni. Akaniuliza kama na meno yangu huwa natembea nayo mfukoni.

Aliirudisha breki mahali pake, halafu hakuniruhusu kushuka popote. Jumamosi ya kwanza tulishindana na watoto wa pale uwanja wa mpira, nani atafika wa mwisho bila kukanyaga chini. Nilifika wa kwanza kila mara, yaani nilishindwa na vitoto. Iliyofuata akanishusha siti. Simama juu ya pedali, zikae sawa, makalio nyuma kama mtu anayetafuta kiti gizani. Breki zote mbili, kwa vidole viwili, mapema kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Nilianguka nikachoka kuhesabu. Na kila nilipoanguka, nilikuwa nimelitazama jiwe lililoniangusha.

"Unaenda unakotazama," fundi akasema. "Ukimtazama bibi, utampata bibi. Tazama njia."

Baadaye akanifungia dumu la maji lisilo na kifuniko, nishuke nalo kwenye makorongo. Wiki nyingi nilifika chini suruali imeloa nyuma, na watoto wa Njoro wakaeleza sababu yao wenyewe.

Ikafika asubuhi moja ya masika, njia yote tope. Mdogo wangu anatafuta viatu. Nikamwambia mama nipo tayari. Alinitazama sana, akaenda bandani, akaifungua baiskeli. Halafu akatangulia na mwavuli wake, akaenda kusimama pale pale kwenye kona ya mfereji.

Wapendwa, hapo ndipo nilipojaribiwa. Moyo wote unataka kumtazama mama. Nikavuta breki mapema, nikarudi nyuma ya siti, macho nikayapeleka kule njia inakotokea baada ya kona. Gurudumu la nyuma likatikisika kidogo, likatulia. Nilimpita mama yangu mzazi bila hata shikamoo. Maziwa yakafika, na gari likanikuta nimesimama nalisubiri.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi, ambaye alinicheka kwanza ndipo akanifundisha, na hakuchoka. Namshukuru bibi na uzio wake. Kwenu vijana wenzangu nina moja tu: ukitaka kufundishwa, kubali kuchekwa, na Jumamosi inayofuata urudi tena.

Niliporudi nyumbani nasukuma baiskeli, mama alichukua dumu, akachungulia ndani, akaligeuza kulikausha. Nilisubiri anisifu. Alisema, "Kesho simwamshi mdogo wako."