Kasa wa Kinyozi

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Liko kati ya meza yangu ya kushonea viatu na kibanda cha Kinyozi, na juu yake unakaa ubao wa drafti ambao haujapumzika tangu Wakili aununue. Wakili si wakili. Aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi moja ya mbuzi, basi, akili haikurudi tena nyumbani. Injinia anaziba pancha za baiskeli. Dada Birika anatuuzia kahawa na kutuvumilia, na sijui lipi linamchosha zaidi. Jioni hiyo Kinyozi alitoka kibandani na boksi la rangi zake na picha ya kasa aliyoichora kwenye ubao, akavitua vyote juu ya drafti katikati ya mchezo. Kete zikatawanyika. Tukajua kuna jambo.

Wakili: Wee! Nilikuwa naingiza kingi hapo!

Kinyozi: Chukueni. Tyubu, brashi, kila kitu. Mimi na viumbe wa bahari basi.

Dada Birika: Na pweza je? Si uliniahidi pweza?

Kinyozi: Pweza naye kagonga ukingo. Wote wamegonga.

Ni kweli wamegonga. Kinyozi miaka yote ananyoa kuanzia kisogoni kwenda mbele, na mkono ukishazoea haumsikilizi hata mwenyewe. Akichora, anaanza na mkia. Mkia unatoka mzuri, tumbo zuri, akifika usoni ubao umekwisha. Ndiyo maana kaa wake, pweza wake, hata yule papa mwenye shavu moja, wote wamebandika nyuso ukingoni. Rangi zenyewe ni za akriliki, zile zinazokauka kabla hujamaliza kupiga chafya, kwa hiyo huzinyunyizia maji kwa chupa ileile anayolowanishia nywele za wateja. Na tusidanganyane, kasa huyu alikuwa mzuri. Gamba alilipaka kijani kizito, akalaza kahawia, kisha akapitisha juu manjano nyepesi iliyochanganywa na maji, ukaona kabisa jua linavyopenya baharini. Ila pua sasa.

Mimi: Nani kakuudhi? Shemeji yako tena?

Kinyozi: Shemeji azicheke tu picha zangu, nimeshamzoea. Huyu kasa nilimpa binti yangu. Amehamia chumba chake, mara ya kwanza kuishi peke yake, kuta tupu. Nikasema atundike hii, asione upweke. Leo kanirudishia. Na kwa adabu zote. Akasema, "Baba, ni mzuri, ila kila nikiamka namwona anagonga ukuta. Nahisi nagonga naye."

 Mimi nina mabinti, najua neno kama hilo linaingia mpaka wapi. Nilimwonea huruma sana. Lakini kwenye benchi letu lazima mtu aharibu.

Wakili: Tatizo si pua. Huyu kasa anatoroka. Asiye na hatia hakimbilii ukingoni. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Dada Birika: Mkono mtupu umeingiaje hapa?

Wakili: Kwani kasa hana mikono?

Injinia: Ana mapezi, bwana, acha kutuaibisha. Na hatoroki, anavutwa. Kibandani mna kioo kikubwa. Unachora huku kioo kinakutazama, bahari yote inajaa upande mmoja. Ni uzito tu. Hata baiskeli ukipakia upande mmoja inakupeleka mtaroni.

Wakili: Bahari ya kuchora ina uzito?

Injinia: Ukiulowesha ubao kwa ile chupa yake, haina?

Wakili: Haya, sikiliza ushahidi mzito. Viumbe wa bahari wana masikio. Mashine ya kunyolea inalia wiii kutwa nzima. Kasa kasikia, kajua zamu yake imefika. Nani anakubali kunyolewa gamba?

Injinia: Hapo umesema! Na yule papa, shavu la pili si lilishanyolewa!

Tukaangua kicheko, tofali likateleza, na aliyekuwa upande huo ni mimi. Kahawa yote ikaishia kwenye suruali. Kinyozi hakucheka. Alikuwa anakaza kifuniko cha tyubu ya buluu, kimeshafunga lakini bado anakaza.

Dada Birika: Mwenzenu roho inamuuma, ninyi meno nje. Kinyozi, si umpake kichwa upya? Hizo rangi si zinapakwa juu kwa juu zikikauka?

Kinyozi: Zinapakwa. Lakini nikirudisha kichwa nyuma, shingo inakosa pa kukaa. Nilijaribu kwa papa, ndipo shavu likapotea.

Injinia: Ulichelewa. Samaki mkunje angali mbichi!

Dada Birika: Kasa si samaki!

Hapo akafika mama mmoja, mgeni kabisa mtaani, anachechemea, mkononi kashika kiatu kilichobanduka soli. Tukampisha akae upande usio na tofali, nikaanza kupaka gundi. Yeye macho yakaenda kwa kasa. Akamtazama, akainamisha kichwa, akamtazama tena.

Mama: Huyu anaenda wapi?

Wakili: Nani?

Mama: Huyu kasa. Naona kashika safari kweli kweli. Anaenda wapi?

 Injinia akatazama barabara, labda alidhani jibu lingepita na baiskeli.  Ikabidi tumgeukie mwenye kasa.

Kinyozi: Sijui, mama. Huko sijachora.

Kisha akamwinua kasa wake, akamtazama kwa mbali.

Kinyozi: Huko sijachora.

Mara ya pili aliisema kwa sauti nyingine. Akamlaza kasa kando ya ubao wa drafti, ukingo kwa ukingo. Kimo sawasawa. Pua ya kasa ikaelekea moja kwa moja kwenye vyumba vyeusi na vyeupe, na macho yetu yakamfuata.

Wakili: Hapana. Hapana, jamani. Ubao wangu hapana.

Dada Birika: Si upande wa nyuma mtupu? Bahari iendelee huko.

Wakili: Na mchezo? Nilikuwa naingiza kingi!

Dada Birika: Wakili. Mtoto anaamka kila siku anatazama ukuta.

Wakili alitazama drafti yake, akatutazama sisi. Kisha akazikusanya kete polepole, akazitia kwenye kofia. Sikuwahi kumpenda mtu yule kama nilivyompenda dakika ile, na sitamwambia.

Wakili: Bahari iwe pana. Na safari hii uanzie mbele!

Kinyozi: Siwezi, ndugu yangu, mkono umeshakuwa hivyo. Lakini ubao ukiisha, tutatafuta mwingine.

Akalibeba boksi lake, akazibeba mbao zote mbili, akaingia ndani akiita tuongeze taa. Tulisikia chupa ikinyunyiza, fyu, fyu. Mama alivaa kiatu chake, akakanyagakanyaga kukijaribu, akaaga. Sisi tukabaki na benchi lisilo na drafti, tukashikilia vikombe.

Haukupita muda, akaja kijana mwenye nywele zinazomeza kitana.

Kijana: Wazee wangu, Kinyozi yupo?

Wakili: Yupo. Amekwenda baharini.

Kijana: Atarudi lini?

 Dada Birika akainamisha birika juu ya kikombe changu, likatoa tone moja, likakauka, na kibandani chupa bado ilikuwa inasema fyu, fyu.