Daktari Wetu Anaolewa Jumamosi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gérald Losier, Waziri wa Afya wa jimbo letu la New Brunswick hapa Kanada, Baba Paroko, wakazi wenzetu:

Karibu Anse-à-Philias. Supu ya kaa iko mezani, na mwenyekiti wetu, Mzee Éloi Haché, ametuonya tusiongee sana mpaka ikapoa. Tutajitahidi.

TULIKOTOKA

Sisi tunaumwa kwa Kifaransa. Bibi Obéline alipopelekwa mjini kwa ajili ya tumbo, daktari alimhoji kwa Kiingereza kitupu. Bibi wa watu, kwa adabu zake, akaitikia kila swali kwa kichwa. Alirudi na miwani. Tumbo alirudi nalo vilevile. Ndipo tukaunda kamati ya kumtafuta kijana wa kusomea udaktari kwa lugha yetu, nayo Wizara ikaahidi kumlipia ada, mradi asiwe ndugu wa mjumbe yeyote.

Mheshimiwa, kanuni hiyo ilitungwa na mtu wa mjini. Huku ukirusha jiwe, unampiga binamu yako. Vijana wetu wote waliangushwa na undugu. Tukajaribu kumwachia tarishi peke yake ujumbe wa kamati, kwa kuwa alikuwa mgeni hapa. Kabla barafu haijayeyuka, akaoa kwa akina Duguay wa hapa hapa.

TULIPOFANIKIWA

Mungu hamtupi mja wake. Akaja Spès Nahimana, binti kutoka Burundi, ambaye wazazi wake wanafanya kazi kiwanda cha kaa. Kifaransa anacho, akili anazo, na undugu nasi hakuwa nao hata wa kuazima. Akapita. Sasa yuko mwaka wa tatu, na kila likizo huwapima wazee presha baada ya misa. Bibi Obéline alimsimulia habari za tumbo lake tangu usichana wake, na Spès akasikiliza mpaka mwisho. Tulilia, wala hatuoni haya kusema.

KILICHOTUPATA

Jumamosi hii Spès anaolewa na Réjean, mjukuu wa mwenyekiti. Wizara imeshatuandikia: akila kiapo cha ndoa, msaada unakoma. Mzee Éloi akamwita Spès.

"Mjukuu wangu, ngojeni kwanza umalize masomo."

"Mimi nitangoja, babu. Na huyu aliye tumboni naye nimwambie angoje?"

Baba Paroko, utuwie radhi, hatukupata mahali pazuri zaidi pa kulisema hili. Mzee Éloi alivua kofia, akaivaa tena.

"Na ada ikikatwa, utafanya nini?"

"Nitaenda kubangua kaa na mama." Hakuwa akitania, nasi moyo ulituuma.

OMBI LETU

Tunaomba kanuni ya undugu ifutwe. Tulikuwa na hoja nyingi, ila yanayofuata tumeyaongeza kwa penseli sasa hivi. Ulipoingia, Bibi Obéline alikukazia macho. Ile miwani, kumbe, inafanya kazi.

"Huyu si Gérald wa Théotime wa Zoé?"

"Ndiye, bibi," tukamjibu.

"Zoé na mama yake Éloi ni tumbo moja! Mbona kanipita bila salamu, mtoto huyu?"

Mheshimiwa, ukiifuta kanuni leo, umemsaidia mwanafunzi. Ukingoja Jumatatu, watasema unampendelea mkwe wako.

Mungu akuzidishie afya, akulainishie kalamu, akurudishe salama Jumamosi. Kiti chako kipo, upande wa ndugu.

Ni sisi jamaa zako,
Kamati ya Kumpata Daktari Wetu, Anse-à-Philias.